Vumbi la Drili Lisiachiwe Ufagio

Mgeni aingiaye Singida kwa mara ya kwanza hushangazwa na mawe. Yamekaa kandokando ya maziwa ya Singidani na Kindai, yamesimama nyuma ya nyumba na katikati ya mitaa, mengine yakiwa makubwa kupita jengo la shule. Mawe hayo ni matale, ambayo wengine huyaita graniti, na aghalabu robo yake au zaidi ni kwatzi, yaani silika katika umbo la fuwele. Mvua, jua na upepo vimeyamomonyoa kwa muda mrefu mno. Madini mengine yakageuka udongo, bali kwatzi, kwa kuwa ni ngumu na haiharibiki upesi, ikabaki kuwa mchanga. Mchanga huo ndio uchotwao makorongoni na kuchanganywa na saruji ili kupata matofali, plasta na sakafu za shule. Kwa hiyo anayetoboa ukuta wa darasa mjini Singida, ajue asijue, anatoboa jiwe lile lile lililo nje ya dirisha.

Kuta nyingi zimetobolewa mkoani humo katika miaka ya karibuni. Kampeni ya kujenga maabara katika shule za sekondari za kata, iliyopamba moto mwaka 2014, ilileta makabati, mabomba na rafu ambazo hazina budi kushikizwa ukutani. Umeme uliopelekwa vijijini kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, ulileta swichi, soketi na mabomba ya nyaya. Desturi ya kazi yenyewe inajulikana. Fundi hufunga mlango na madirisha ili kelele zisisumbue darasa la jirani, hutoboa, hupuliza tundu kwa mdomo, vumbi humrudia usoni, hufuta macho na kuendelea. Akiisha kuondoka, wanafunzi wa zamu huitwa na fagio zao. Baada ya muda mfupi chumba kinang'aa, na kila mtu ameridhika.

Desturi hiyo ni mbaya na yafaa iachwe. Ubaya wake hauhusiani na unadhifu hata kidogo. Chumba kilichofagiliwa vizuri huweza kuwa na hewa mbaya kuliko chumba ambacho uchafu wake umeachwa sakafuni hadi kesho, na sababu yake imo ndani ya fizikia na hesabu zinazofundishwa katika chumba hicho hicho.

Hebu tundu moja lipimwe. Tundu la kipenyo cha milimita 10 na kina cha milimita 60, la kawaida kwa skrubu ya kushikiza kabati zito, lina ujazo wa sentimita za ujazo 4.7. Tofali la saruji lina uzito wa takribani gramu 2 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo tundu hilo hutoa gramu 9 hivi za unga. Ni kiasi kidogo. Chaweza kukaa katika kijiko. Sasa chumba chenye urefu wa meta 9, upana wa meta 7 na kimo cha meta 3 kina meta za ujazo 189 za hewa. Huko Marekani, kanuni iliyotolewa mwaka 2016 iliweka mpaka wa mikrogramu 50 za vumbi la silika linaloweza kufika ndani ya mapafu katika kila meta ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Mikrogramu 50 zikizidishwa kwa 189 ni mikrogramu 9,450, yaani miligramu 9 na nusu kwa chumba kizima. Basi ikiwa sehemu moja tu katika 1,000 ya unga wa tundu moja itakuwa silika laini na kuenea chumbani, hewa yote imekwisha kufikia kiwango hicho. Fundi anayefunga makabati ya maabara hatoboi tundu moja. Akitoboa 40, sehemu moja katika 40,000 inatosha. Ni kweli kwamba mpaka huo ni wa wastani wa saa 8, tena kila siku ya kazi, wala mtu hadhuriki mara moja kwa kuuvuka. Lakini mwalimu wa hesabu hatapata mfano ulio bora zaidi wa kuonyesha jinsi kitu kidogo kinavyoweza kuwa kingi.

Sehemu kubwa ya gramu hizo 9 ni chembe nene zinazoonekana kwa macho, nazo huanguka upesi. Mwaka 1851 mwanasayansi George Stokes alionyesha kwamba kasi ya chembe ndogo inayoanguka katika hewa au maji hutegemea mraba wa kipenyo chake. Chembe ikipunguzwa upana mara 10, kasi yake hupungua mara 100. Katika hewa tulivu, chembe ya kwatzi yenye kipenyo cha mikromita 100, ambayo ni nene kuliko unywele, huanguka meta 2 kwa sekunde 5 hivi. Ya mikromita 10 huhitaji dakika 4. Ya mikromita 2 huhitaji saa 1 na dakika 40 au zaidi. Ya mikromita 1 hukaa hewani kwa saa 7 kabla ya kugusa sakafu, na hiyo ni iwapo hakuna mtu anayepita, anayefungua mlango wala anayepeperusha daftari. Fundi aliyemaliza saa 4 asubuhi amewaachia vumbi lake wanafunzi wa kipindi cha mwisho.

Hapo ndipo kosa la ufagio linapodhihirika. Wanafunzi wanapofagia hukusanya chembe nene, ambazo hazikuwa na madhara makubwa kwa mapafu, na wakati huo huo huziinua tena zile laini zilizokwisha kutua juu ya meza na kwenye kona. Saa inaanza kuhesabiwa upya. Kwa kawaida anayefagia ndiye mdogo kuliko wote waliohusika na kazi hiyo, huinama, na pua yake iko karibu na sakafu kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Pua na koo vimeumbwa kupambana na vumbi, na kwa vumbi la kawaida hufaulu. Vinyweleo na ute hunasa chembe kubwa, kisha mtu hupenga au hukohoa akazitoa. Chembe zisizozidi mikromita 4 hivi hupita ulinzi huo na kufika katika vifuko vya hewa, mwisho kabisa wa mapafu. Huko hukutana na seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza kila kigeni. Seli humeza chembe ya kwatzi, haiwezi kuiyeyusha, nayo chembe huiua seli iliyoimeza. Chembe hutoka katika mzoga wa seli ikiwa kama ilivyoingia; seli nyingine huja, humeza, hufa. Kila kifo huacha uvimbe, na uvimbe ukirudiwa kwa miaka hugeuka kovu. Pafu lenye makovu halitanuki. Huo ndio ugonjwa uitwao silikosisi, na hakuna dawa iliyokwisha kupatikana ya kuyaondoa makovu hayo. Zaidi ya hayo, pafu lililojeruhiwa hivyo hushambuliwa kwa urahisi na kifua kikuu, na tangu mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka silika ya fuwele inayovutwa kazini katika kundi la vitu ambavyo yakini husababisha saratani kwa binadamu.

Huenda msomaji wa Manyoni au Itigi akauliza: katika nchi ya ukame ambako vumbi hutimka tangu Mei hadi Novemba, vumbi la tundu la ukutani ni kitu gani? Swali ni la haki. Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, vumbi la barabarani lililo jingi ni nene, na lina udongo wa kila namna; drili kwa upande wake husaga mchanga wa kwatzi hadi uwe laini mno, tena ndani ya kuta nne. Pili, uso wa kwatzi uliovunjika sasa hivi una nguvu ya kikemia ambayo uso wa zamani umekwisha kuipoteza, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba vumbi lililosagwa karibuni hudhuru seli kuliko lililokaa. Mchanga wa korongoni umezeeka. Unga utokao kwenye ncha ya drili umezaliwa dakika hiyo.

Yafaa isemwe wazi pia kwamba mwanafunzi aliyefagia vumbi la drili mara moja, au mara tatu, hatapata silikosisi kwa sababu hiyo. Ugonjwa huo kwa kawaida huchukua miaka 10 hadi 20 ya kuvuta vumbi, ingawa penye vumbi jingi mno huja mapema zaidi. Kumtisha mtoto kwa jambo lisilo la kweli si kufundisha sayansi. Aliye katika hatari ya kweli ni fundi, ambaye hufanya kazi hiyo leo Iramba, kesho Mkalama, mwaka hadi mwaka. Naye fundi huyo alikuwa mwanafunzi. Alifundishwa na nani kwamba vumbi ni uchafu tu, wa kufagiwa na kusahauliwa? Alifundishwa shuleni, kwa ufagio.

Mkoani Singida suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya dhahabu. Mgodi wa Sekenke, katika Iramba, ulianza kazi mwaka 1909 wakati wa Wajerumani. Dhahabu yake ndiyo iliyotumiwa mwaka 1916 kupiga sarafu za dhahabu za rupia 15 mjini Tabora, zile zenye picha ya tembo, ambazo leo hutafutwa sana na wakusanyaji wa sarafu duniani. Mgodi huo ulifungwa miongo mingi iliyopita, lakini uchimbaji mdogo umeendelea mahali pengi, kama Sambaru na Londoni, na vijana wengi wamalizao kidato cha nne huona shimo la dhahabu ni karibu kuliko ofisi. Dhahabu ya huko hukaa ndani ya mishipa ya kwatzi. Shimo la mchimbaji nalo ni chumba, tena kisicho na dirisha hata moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu wachimbaji wadogo wa dhahabu nchini Tanzania ulikuta hewa ya chini ya ardhi ikiwa na wastani wa miligramu 16.85 za silika kwa meta ya ujazo, mara 337 ya kiwango cha mikrogramu 50 kilichotajwa hapo juu. Kijana anayeshuka humo akiwa amezoea kwamba vumbi jeupe hupulizwa kwa mdomo anashuka na ujinga ambao ungeweza kuondolewa bila gharama, darasani, siku fundi alipokuja kufunga rafu.

Dunia ilikwisha kulipia somo hili. Mashine za kwanza za kutoboa miamba kwa nguvu ya hewa zilitoboa pakavu, na wachimbaji wa Marekani walizipa jina la waacha-wajane. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, John George Leyner wa Colorado alitengeneza drili yenye chuma chenye uwazi katikati. Kwanza alipitisha hewa humo ili kusukuma vumbi nje ya tundu, na vumbi likawa jingi kupita awali hata wachimbaji wakaikataa. Ndipo akapitisha maji, na vumbi likatoka kama tope. Kwa hiyo tangu wakati huo dawa ilikuwa inajulikana. Hata hivyo, miaka ya 1930 na 1931, huko Hawks Nest katika jimbo la West Virginia, wafanyakazi, wengi wao Waamerika weusi, walichimba njia ya maji kupitia mwamba wenye silika nyingi, na sehemu kubwa ya kutoboa ikafanywa pakavu kwa sababu ilikuwa haraka zaidi. Uchunguzi wa Bunge la Marekani wa mwaka 1936 ulitaja vifo 476. Hesabu iliyofanywa baadaye na daktari Martin Cherniack, katika kitabu chake cha mwaka 1986, ilikadiria vifo 764. Wengine walikufa kabla ya kupita miaka miwili tangu washike drili.

Maji, basi, ndiyo msingi. Lakini hapa ndipo ushauri wa vitabu vya ng'ambo unapogongana na hali ya Singida, ambako mama hutembea mwendo mrefu kutafuta ndoo moja katika miezi ya kiangazi. Ukimwambia mwalimu mkuu amwage maji ukutani atacheka, na atakuwa na haki. Tena drili nyingi hutumia umeme wa volti 230, na maji yanayotiririka karibu na umeme huo huua upesi kuliko silika. Lakini kuloanisha si kumwaga. Kikombe kimoja cha maji kinatosha kazi ya siku nzima kama kitatumiwa kwa akili, na vifaa vinavyohitajika vimo katika kila kijiji.

Njia iliyo rahisi kupita zote ni tonge la udongo wa mfinyanzi, lililokandwa likawa bichi bila kuchuruzika, lenye ukubwa wa chungwa dogo. Fundi hulibandika mahali pa kutoboa, kisha huipitisha ncha ya drili katikati yake. Unga unaotoka hukutana na udongo mbichi na kunaswa humo humo. Baada ya kutoboa, tonge huondolewa pamoja na unga wote na kutupwa shimoni, na alama iliyobaki ukutani hufutwa kwa kitambaa kibichi. Kwa ukuta uliopakwa rangi nzuri, ambao mwenye nyumba hataki uchafuliwe, nusu ya kibuyu kidogo iliyowekewa ndani kitambaa kibichi yaweza kushikiliwa chini ya tundu, imebanwa na ukuta, ipokee unga unaoporomoka. Kwa dari, ambako unga humwangukia fundi machoni, kikombe cha plastiki hutobolewa kitakoni na kuvishwa kwenye ncha ya drili, mdomo wake ukielekezwa juu ugusane na dari. Mafundi wazee wa keekee, waliozungusha kwa mkono, hawakuhitaji sana mambo haya, kwa kuwa keekee inayokwenda polepole hutoa unga mnene zaidi. Na kwa tundu moja au mawili katika ukuta laini wa tofali la kuchoma, keekee bado ni chombo cha heshima. Penye mashine ya kufyonza vumbi yenye chujio la chembe laini, itumiwe, mdomo wake ukiwa kando ya tundu wakati wa kutoboa. Lakini mashine isiyo na chujio hilo hufyonza chembe nene kwa mbele na kuzitema zile laini kwa nyuma, na hiyo ni hasara iliyonunuliwa kwa fedha.

Kupuliza tundu kwa mdomo kuachwe kabisa. Kipande cha waya kilichozungushiwa kitambaa kibichi husafisha tundu vizuri zaidi, na kiplagi hushika vyema.

Madirisha yafunguliwe, ya upande upepo unakotoka na ya upande unakokwenda, na Singida haina uhaba wa upepo. Kelele zitasikika darasa la pili. Dawa ya kelele ni kutoboa siku ya Jumamosi. Dirisha moja likifunguliwa peke yake, upande wa upepo, hewa itaingia na kuzungusha vumbi bila kulitoa, kisha itapenya mlangoni na kulipeleka ukumbini. Sakafu ilowanishwe kwa kunyunyiza, kisha ifutwe kwa tambara bichi, na kazi hiyo ifanywe na fundi mwenyewe au msaidizi wake wakati angali amevaa barakoa. Barakoa hiyo iwe ya namna ya N95, ambayo huzuia angalau asilimia 95 ya chembe laini za kupimia. Mtandio, leso au barakoa ya kitambaa huzuia zile chembe ambazo pua yenyewe ingezizuia, na humpa mvaaji ujasiri asiostahili kuwa nao.

Liko jambo moja ambalo hata tonge la udongo halitoshi. Baadhi ya majengo ya zamani nchini yana mabati au dari za asbesto, zile karatasi ngumu za kijivu zinazofanana na saruji. Hizo zisitobolewe, zisikatwe wala zisisuguliwe na fundi wa kawaida. Shule yenye dari ya namna hiyo itafute ushauri kwanza, na taa ining'inizwe mahali pengine.

Je, haya yote ni mzigo kwa fundi? Yatamwongezea dakika chache kwa kila tundu, na dakika ni fedha. Ndiyo maana si haki kumwachia fundi peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwekea mwajiri wajibu wa kuwalinda wafanyakazi wake, na shule inapomwita fundi yafaa ikubaliane naye tangu awali: atatoboa siku gani, atanasa vumbi kwa njia gani, na nani atasafisha. Sharti hilo likiandikwa katika karatasi ya makubaliano pamoja na bei, fundi mwangalifu hatashindwa zabuni na fundi mzembe kwa tofauti ya dakika hizo. Leo hali ni kinyume: anayetoboa haraka na kuacha wingu ndiye anayesifiwa kwa uhodari.

Mwalimu wa fizikia anayetaka wanafunzi wake wayaone mambo haya kwa macho ana vifaa tayari. Mwaka 1870 John Tyndall aliwaonyesha wasikilizaji wake mjini London, kwa mwali wa taa katika chumba chenye giza, kwamba hewa idhaniwayo safi imejaa vumbi. Darasa lenye paa la bati halihitaji taa ya Tyndall. Tundu la msumari darini hushusha mwali wa jua ulionyooka kama kamba. Fundi ajapo, vipande vitatu vya kioo vipakwe mafuta ya kupikia kwa wembamba na kuwekwa juu ya kabati, kimoja wakati wa kutoboa, kingine saa moja baadaye, cha tatu mara baada ya wanafunzi kufagia kwa ufagio mkavu kama walivyozoea. Ufagiaji huo uwe wa mwisho, mwalimu ndiye aushike ufagio akiwa na barakoa, na wanafunzi watazame kutoka nje kupitia dirishani. Kisha vioo vyote vitatu viwekwe chini ya hadubini ya maabara, na kila mwanafunzi ahesabu chembe zilizomo katika eneo moja la kuonea, aandike namba yake ubaoni.